Laini Iliyoelekezwa Kwingine

Jumatatu saa moja asubuhi, chai yake ikiwa bado inafuka moshi, Fundi alimwambia mama yake jambo alilokuwa amelifanyia mazoezi mbele ya kioo cha bafuni. Alilisema kwa sauti ile ya kubembeleza anayoitumia kwa wazee wanaogoma kuvaa meno mapya.

"Mama, wiki hii simu ya mezani iache ilie tu. Usiipokee. Itanifuata mimi huko huko kazini."

"Itakufuata vipi? Ina miguu?"

"Inapita kwenye intaneti, mama. Nimeielekeza. Ikilia hapa bila kupokelewa, inahamia kwenye simu yangu ya mkononi."

Mama yake akakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani. "Na mimi nikae niitazame ikilia."

"Wiki moja tu."

"Sawa," akasema mama, shingo upande, na Fundi akajifanya hakuiona hiyo shingo.

Kila mtu alimwita Fundi, hata mume wake. Alikuwa na miaka arobaini na moja, akitengeneza meno ya bandia katika karakana iliyo nyuma ya kliniki ya meno, chumba cha chini chenye dirisha moja lililo usawa wa miguu ya wapita njia. Mume wake alikuwa dereva wa lori la masafa marefu na wiki ile alikuwa safarini hadi Alhamisi. Mama yake, mwenye miaka sabini na mmoja, naye alikuwa na jina lake la kazi. Miaka thelathini na mmoja alikaa kwenye chumba cha simu cha hospitali kubwa, vipokea sauti masikioni, akiunganisha waliozaa na waliofiwa, na kwa kuwa kila aliyepiga aliambiwa "subiri hewani," watu walimwita Hewani. Alistaafu akiwa na magoti mabovu na tabia moja isiyotibika: simu haikuruhusiwa kulia mara ya tatu mbele yake.

Sasa tuseme ukweli, maana Fundi mwenyewe hakuwa akiusema. Hakuielekeza simu ili iwe rahisi kupatikana. Aliielekeza ili mama yake asiongee na mtu mmoja, afisa wa ustawi wa jamii, ambaye angepiga siku yoyote wiki ile, saa za kazi.

Miezi minne kabla ya hapo, Fundi na mume wake walijaza fomu za kuomba kulea mtoto, awe mtoto wao moja kwa moja. Fomu ilikuwa na kurasa kumi na nne. Ukurasa wa tisa uliuliza: mtoto atabaki na nani mchana? Fundi akaandika, kwa mwandiko mzuri kuliko kawaida yake: "Bibi yake mzaa mama, anayeishi nasi, ambaye ameelezwa na amekubali."

Bibi hakuwa ameelezwa. Bibi hakuwa ameulizwa hata swali dogo la kupima upepo. Mume aliposoma ukurasa ule aliuliza, "Umeshamwambia?" na Fundi akajibu, "Nitamwambia," na hilo nitamwambia likaendelea kulala humo ndani ya nyumba mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kila alipopiga moyo konde, alikumbuka siku mama aliposimama dirishani akimtazama mtoto aliyeletwa na jirani wa ghorofa ya juu kutoka kwenye makao ya watoto. "Mimi nisingeweza," mama alisema, akapangusa kioo, akaondoka. Neno moja tu, tena la miaka sita iliyopita, lakini Fundi alilihifadhi vizuri kuliko hati za nyumba.

Kisha afisa akawaambia namna mambo yatakavyokwenda. Jalada lao limefika mwisho. Yeye atapiga namba ya nyumbani, siyo ya mkononi, kwa sababu wamewahi kudanganywa na watu waliojaza anwani wasizoishi. "Nitamsemesha nitakayemkuta," alisema, akifunga kalamu yake. "Nikipiga mara mbili nisipokelewe, jalada linarudi kabatini, naanza na familia inayofuata." Hakuwa mkali. Angekuwa mkali Fundi angepata wa kumlaumu.

Ndiyo maana Jumapili nzima aliitumia sebuleni na simu ya mkononi, akifuata maelekezo ya kampuni ya intaneti. Akapakua programu. Akaingiza namba ya nyumbani na neno la siri. Programu ikaomba ruhusa ya kutumia kipaza sauti, akairuhusu. Ikaomba kutuma taarifa, akairuhusu. Ingeomba figo angeiruhusu. Hatimaye kikatokea kitone cha kijani na neno "Tayari." Mtu akipiga namba ya nyumbani, simu ya mkononi ingelia, na yeye angeipokea kana kwamba amekaa kwenye kochi lake.

Jumatatu ile ile saa nne, kutoka karakana, alifanya jaribio. Alipiga namba ya nyumbani kwa simu ya kliniki, akaiweka ya mkononi mbele yake kati ya mataya ya plasta. Hesabu yake ilikuwa rahisi: nyumbani ikilia mara nne bila kupokelewa, hii ya hapa italia. Ikalia mara moja. Ikalia mara ya pili.

"Nyumbani kwa Fundi, habari ya asubuhi, nikuunganishe na nani?"

Fundi akafumba macho. "Mama. Tulikubaliana nini?"

"Ah. Mkono umeenda wenyewe, mwanangu. Nilikuwa napita tu."

Mtu mwingine angemkasirikia. Fundi hakuwa na nafasi ya kukasirika. Kama aliyepiga angekuwa afisa? Akafungua tovuti ya kampuni, akatafuta palipoandikwa "elekeza isipopokelewa," akapaacha, akachagua pa chini yake: "elekeza simu zote, daima." Sasa simu ya nyumbani isingelia kabisa. Kila atakayepiga angekuja moja kwa moja kwake. Alijaribu tena, na safari hii simu ya mkononi ikalia papo hapo, ikiruka ruka juu ya meza na kuangusha jino. Akashusha pumzi. Alikuwa amempiga chenga mama yake mzazi, na aibu ilimpanda, lakini nafuu ilikuwa kubwa kuliko aibu.

Nafuu haikukaa. Siku nzima kila dakika kumi alikuwa akitazama kitone cha kijani. Mtandao wa karakana ulikuwa wa kusuasua; akisogea karibu na mashine ya kusugulia, kitone kiligeuka kijivu, naye akarudi mbio dirishani na taya la mtu mkononi. Akagundua simu ikibaki na chaji kidogo huzima programu ili kuokoa betri, akaiacha kwenye chaja. Akagundua waya wa chaja haufiki kwenye benchi lake, akahamisha benchi. Mwenye karakana, mzee mnene aliyeitwa Profesa kwa sababu ya miwani yake, akamtazama akisukuma meza.

"Unahama?"

"Nasubiri simu."

"Na simu nayo inasubiri meza?"

Hakucheka. Alishindwa kula mchana. Alikwenda msalani mara moja tu, simu mkononi, na huko akaingiwa na hofu kwamba afisa angesikia maji yakimwagika.

Jumanne saa tisa alasiri programu ikalia. Akaweka chini kisu cha nta, akakohoa, akapokea kwa sauti ya mama wa nyumbani aliyetulia.

"Hewani?" ikaita sauti ya kizee. "Mbona leo sauti yako changa?"

Alikuwa rafiki wa mama wa chumba cha simu, ambaye kila Jumanne saa tisa hupiga, miaka yote, na wawili hao huongea hadi sikio liume. Fundi hakuwa amemfikiria hata kidogo. Na laini ilikuwa moja. Kila dakika ya bibi huyu ilikuwa dakika ambayo afisa angekuta inatumika.

"Mama ametoka, shangazi," alisema. "Atakupigia."

"Hewani ametoka? Na magoti yale?"

"Ametoka kidogo," akasema Fundi, akakata. Jioni alipofika nyumbani hakumwambia mama kwamba rafiki yake alipiga. Angemwambia vipi bila kueleza kwa nini simu haikulia? Mama alikuwa amekaa karibu na meza ya simu, mikono mapajani, amevaa lile sweta analovaa akitarajia maongezi. "Leo hakupiga," alisema. "Hajawahi kukosa, hata alipofiwa na mume." Fundi akasema labda amechoka. Akaenda kuoga.

Jumatano asubuhi hakukuwa na kitu. Saa tatu, hakuna. Saa nne, hakuna. Kitone kilikuwa kijani, betri imejaa, mtandao umetulia, na hilo lenyewe lilimtisha, kwa sababu kila kitu kikiwa sawa hana cha kurekebisha. Katika sufuria ya maji ya moto seti tatu za meno zilikuwa zikiiva ndani ya vyuma vyake, na zilitakiwa kutoka saa sita kamili. Ilipofika saa tano na dakika hamsini akaamua kufanya jaribio moja tu, la kutuliza roho. Akachukua simu ya kliniki, akapiga namba ya nyumbani, akaitazama ya mkononi.

Ya mkononi haikulia. Sikioni mwake ukaja mlio mfupi mfupi wa laini inayotumika.

Akakata, akapiga tena. Inatumika. Akafungua tovuti, na pale palipokuwa na tiki ya "elekeza simu zote" hapakuwa na tiki. Mtu alikuwa ameuondoa uelekezaji. Na sasa hivi mtu alikuwa akiongea kwenye simu ya nyumbani.

Akapiga mara ya tatu, ya nne, ya sita. Inatumika, inatumika. Labda ni yule rafiki wa mama. Lakini rafiki ni wa Jumanne, saa tisa. Akauona ukurasa wa tisa, mwandiko wake mzuri, na mama yake akisema kwa ile sauti yake ya kazi, wazi na ya adabu: hapana, sijaelezwa chochote. Mama asingesema vingine. Mama hakuwahi kumwambia mpiga simu neno lisilo kweli, alitaniwa nyumbani kwamba hata mwizi angepiga kuuliza kama kuna mtu, angejibiwa "niko peke yangu, karibu."

"Profesa, nitolee vyuma saa sita," alisema, tayari yuko mlangoni.

"Kuna nini?"

"Nyumbani."

Hakungoja kuelezea zaidi. Nyumba haikuwa mbali, dakika kumi na tano kwa mwendo wa kawaida, naye alitumia nane, aproni ya plasta kiunoni, akipita kati ya watu waliompisha wakidhani ni muuguzi. Njia nzima alikuwa akitunga maelezo. Mama anasahau siku hizi. Mama hasikii vizuri. Akatunga uongo wa kumzeesha mama yake, na alipofika ngazi ya pili akasimama, akajichukia, akaendelea kupanda.

Alimkuta mama amekaa wima kwenye kiti cha simu, mkono wa simu umesharudishwa mahali pake, daftari la ujumbe limefunguliwa magotini.

"Mama, nani amepiga?"

"Kaa kwanza upumue."

"Nani amepiga?"

"Ukipumua nitakusomea." Na hakukuwa na namna. Hewani hakuwahi kutoa ujumbe kwa mtu anayehema. Fundi akakaa ukingoni mwa kochi, na mama akavaa miwani.

"Saa tatu na robo. Nimenyanyua simu kuangalia kama laini ni nzima, kwa sababu rafiki yangu hakupiga jana. Nimesikia mlio wa kukatika katika. Mlio huo naujua. Ni mlio wa laini iliyoelekezwa kwingine." Akamtazama binti yake juu ya miwani. "Kazini kwetu ilitokea. Wezi waliingia kwenye laini ya daktari wakaielekeza kwao, wakawa wanapokea simu zake. Nikajua tumeingiliwa. Nikabonyeza nyota sabini na tatu, ikafutika."

Fundi alikuwa amejiandaa kwa kila ajali: betri, mtandao, mkono wa mama unaokwenda wenyewe. Hakuwa amefikiria kwamba nyumba ile ilikuwa na mtu mmoja katika mtaa mzima anayeweza kusikia kwa sikio kwamba laini imeguswa, na kuirudisha.

"Ulisema ikilia na isipopokelewa," mama akaendelea. "Hukusema umeielekeza yote."

"Nilibadilisha."

"Nimeelewa hivyo baadaye." Akafunua ukurasa. "Saa tano na dakika thelathini na mbili, afisa wa ustawi wa jamii. Dakika ishirini na tatu."

"Alikuuliza nini?"

"Aliuliza kama mimi ndiye bibi anayeishi hapa. Nikasema ndiye. Akasoma kwenye karatasi yake, akauliza kama ni kweli nimeelezwa habari za mtoto, na kama ni kweli nimekubali kukaa naye mchana."

"Ukasemaje?"

Mama akavua miwani.

"Miaka thelathini na mmoja," mama alisema, "watu wamenililia kwenye laini, wamenitukana, madaktari wamenituma niseme hawapo. Sikusema. Nilisema, daktari hapokei simu kwa sasa. Sikuwahi kusema uongo nikiwa nimeshika simu. Leo nimesema. Nimesema ndiyo, mwanangu ameniambia, tumekaa tukazungumza, nimekubali."

Fundi akafunika uso. Hakujua ni nafuu au ni nini. "Asante, mama. Asante. Sikujua kama unge..."

"Usinishukuru. Nilikuwa nakuokoa wewe usionekane mwongo mbele ya mtu baki. Mtoto ni habari nyingine. Kuhusu mtoto sijakubali kitu, kwa sababu hakuna aliyeniuliza."

"Nilijua ungekataa."

"Huenda ningekataa. Ningekataa leo, kesho nikafikiri. Ndivyo watu wanavyoulizwa. Wewe umenizungukia miezi minne kama mtu anayeficha mlo kwa mgeni." Hakupandisha sauti. Fundi angependa apandishe. "Jana nilikaa hapa na sweta langu hadi giza likaingia, nikidhani rafiki yangu amekufa. Alipiga?"

"Alipiga."

"Ukamwambia nini?"

"Kwamba umetoka."

Mama akatikisa kichwa polepole, akafunga daftari. Nje mtu alikuwa akiburuta magaloni ngazini. Fundi akauliza lile lililokuwa likimchoma.

"Aliamini? Afisa. Ulisema nini kingine? Aliuliza habari za chumba? Alisema lini watatujibu?"

"Ametujibu. Ijumaa saa nne mwende ofisini, wewe na mumeo, mkamwone mtoto." Mama akamtazama, na mara hii macho yake yalikuwa na maji. "Lakini wewe, mwanangu. Tangu umeingia mlango huu unaniuliza nilisema nini, aliuliza nini, aliamini. Mimi nilimwuliza yule bwana maswali, dakika kumi na tano nzima. Ana umri gani, anakula nini, analala saa ngapi, amekuwa na nani. Jina lake nani. Wewe hujaniuliza hata moja."

Ilikuwa kweli. Neno lile lilimkata Fundi kuliko kama mama angesema hapana. Miezi minne alikuwa akilinda jalada. Siku tatu alikuwa akilinda kitone cha kijani. Mtoto mwenyewe, mwenye mwili na njaa, alikuwa ameingia nyumbani asubuhi ile kupitia sikio la mama yake, wakati yeye yuko kwenye benchi akichunga chaja.

"Jina lake nani?" aliuliza, sauti ikiwa ndogo.

Mama akamwambia. Lilikuwa jina fupi, na mama alilitamka kwa uangalifu, herufi zote, jinsi alivyozoea kutamka majina ya watu asiowajua ili yasikosewe upande wa pili. Kisha akasema ana miezi kumi na moja, anaanza kusimama kwa kushika vitu, na anaogopa mlango ukifungwa kwa nguvu.

Fundi alilirudia jina mara mbili. Akafungua aproni yake, akaiweka sakafuni, akashuka kwenye kochi hadi akawa amepiga magoti mbele ya kiti cha mama yake, akasema maneno ambayo alikuwa ameyabeba tangu ukurasa wa tisa.

"Mama, nina ombi. Nikienda kazini, utakaa naye?"

Afisa alikuwa amejibiwa papo kwa papo. Fundi hakujibiwa hivyo. Mama alitazama magoti yake mwenyewe, yale mabovu, akayapapasa, akatazama mlango, na Fundi akangoja bila kumwongezea neno, akiogopa kuliko alivyoogopa siku zote tatu.

"Mlango ule," mama akasema mwishowe, "unabamizwa na upepo. Itabidi mumeo autengeneze kabla ya Ijumaa."